Kwa nini leo nimepanda gari na ndala mkononi

Leo mjukuu wangu kanipakia kwenye gari lake jipya, lile kubwa linaloongea, nikapanda na ndala mkononi.
Kacheka mpaka kashindwa kuliwasha.

Ngojeni niwaeleze.

Mwaka sabini na nne tulitoka Arua kwenda Koboko kumposea kaka yangu mke. Wanawake wanne, tumependeza!
Jirani yetu dereva akatupa lifti kwenye gari la tajiri wake.

Jamani, gari lile!
Refu, unapanda kama kitanda cha bibi harusi. Baridi inatoka mbele. Nilitia kidole kwenye tundu nijue inatoka wapi. Redio inameza kaseti, halafu inaimba. Barabara mashimo matupu, sisi tunasinzia.

Na chini, zulia.
Jekundu, zito, zuri kuliko la sebuleni kwetu.

Koboko dereva akatushusha, akaondoka mbio.
Ndipo tukatazamana miguu.
Sote wanne peku!

Viatu vimebaki Arua, tumevipanga vizuri kando ya barabara, kama mlangoni kwa mtu.
Sasa niambieni, nani anakanyaga zulia la watu na viatu?

Tukaingia ukweni hivyo hivyo. Mimi nikaanza kuwasifia gari: baridi, kaseti, viti.
Mama wa binti akanisikiliza kwa upole, akatazama miguu yetu, akaleta beseni la maji.

"Pole, mama. Kutoka Arua na muguu, iko mbali sana."

Mke tulipewa siku ile ile.
Gari hawajaliamini mpaka leo.