Niliandika "mahari" kwenye user story, timu ikamwoza mtoto aliyepotea

Wakuu, hamjambo humu ndani?

Nimeona mnabishana siku ya tatu sasa kuhusu user story nzuri inaandikwaje. Nadharia mmezimwaga weee. Mimi nadharia sina, nina aibu yangu mwenyewe, nayo nitaimwaga yote. Sijasimuliwa na mtu, nilikuwepo, na mkosaji ni mimi.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mhangaza wa Mugoma, Ngara. Kwetu l na r ni mapacha, hata mama yao hawatofautishi. Mkikuta nimeteleza humu msinirekebishe, tusonge.

Ni miaka ile kambi ya Lukole bado imejaa Warundi. Benaco ya Wanyarwanda ilishafungwa. Nikapata kazi kwenye shirika moja lililokuwa linatengeneza programu ya kutafuta ndugu waliopotezana. Timu ya watu watatu tu.

Bosi wetu alikuwa ametoka kozi Nairobi, karudi na agile, ule mtindo wa kutengeneza programu kwa kadi, kama mtu aliyeokoka jana. Kadi ukutani, kadi mezani, nusura tupikiwe kadi mchana.

Developer alikuwa Mwanaidi. Mzaliwa wa Biharamulo mjini, ila babu yake aliletwa huko na biashara kutoka Tanga, na nyumbani kwao Kiswahili kimenyooka kama rula. Ukisema "twende kura" anaweka kikombe chini, anakutazama, anauliza, "Kumchagua nani?"

Mimi kazi yangu kwenda kambini, kuongea na watu, kuandika kadi, ndizo hizo user story. Kadi yenyewe sentensi moja: "Kama fulani, nataka hiki, ili iwe hivi." Nikasema moyoni, hii nayo ni kazi ya kulipwa? Nilidharau, wakuu.

Mtu wangu wa kwanza alikuwa Mama Godeliva. Mama wa Kirundi, mpole, anasuka mikeka. Alipotezana na binti yake Godeliva siku ya kuvuka mto Ruvubu, karibu miaka kumi nyuma, mtoto akiwa na miaka sita. Na sasa msafara wa kurudi Burundi ulishapangwa, mtaa wake unaondoka baada ya wiki tatu, jina lake limo kwenye orodha. Usiku halali, mchana hali.

Hapa niwaambie kitu. Kihangaza na Kirundi ni chanda na pete. Ningeongea naye kwa lugha yake tukamaliza kila kitu. Lakini nilikuwa na beji shingoni jamani! Beji mpya! Nikamhoji kwa Kiswahili cha ofisini, mama wa watu anaokoteza maneno kama anaokota mchele uliomwagika.

Akaniambia anataka kujua mahali alipo binti yake. Nami nikaandika vile ulimi wangu ulivyozoea:

"Kama mama, nataka kujua mahari ya binti yangu, ili nijue."

Someni tena huo mwisho. Nataka kujua, ili nijue! Nikaibandika ukutani nikaenda kunywa chai.

Mwanaidi akaichukua. Hakuuliza kitu, na kwa nini aulize? Mama, binti, mahari. Kwa Kiswahili chake ile kadi haikuwa na kosa hata moja. Wiki mbili akajifungia na laptop yake, mimi niko bize na kadi nyingine, tunasalimiana tu mlangoni.

Siku ya demo, ya kuonyesha kazi, ikafika. Tuko kwenye hema la mikutano. Bosi yupo, kiongozi wa mtaa yupo, na Mama Godeliva kavaa kitenge chake cha kanisani, kakaa kiti cha mbele kabisa.

Mwanaidi akafungua.

Juu, kwa herufi kubwa: TAARIFA ZA MAHARI.

Chini yake: Idadi ya ng'ombe. Idadi ya majembe. Mitungi ya rubisi, ile pombe ya ndizi. Blanketi la shangazi, ndiyo au hapana. Na pembeni kitufe cha kijani kimeandikwa "Posa imekubaliwa".

Na kazi ilikuwa safi, haki ya Mungu! Ukisahau blanketi la shangazi, programu inagoma kuendelea.

Kiongozi wa mtaa akamtafsiria mama, taratibu, kama hajiamini. Mama akaitazama skrini. Akanitazama mimi. Akasema kwa Kiswahili chake:

"Mwanangu, mimi natafuta mtoto. Nyie mmeshamwoza?"

Wakuu! Hema lilitaka kung'oka. Kiongozi wa mtaa alianguka na kiti chake. Bosi kageukia turubai, mabega yanacheza. Mama mwenyewe alicheka kuliko wote, akashika mbavu, akajifuta macho kwa kitenge. Halafu akaendelea kujifuta, na tukaona kwamba sasa si kicheko tena.

Nilitamani ardhi ipasuke. Wiki mbili zimeliwa na ng'ombe wa kufikirika, imebaki moja.

Nje ya hema Mwanaidi akanivaa. "Wewe kaka, mahali na mahari unavipika chungu kimoja?"

"Na wewe dada, programu ya watu waliopotea inauliza mitungi ya rubisi, hukushtuka?"

"Kadi imeandikwa na wewe!"

Bosi akatukata. "Kadi si barua ya mkuu wa wilaya. Kadi ni ya kuwakumbusha mkae muongee. Mliongea?"

Hatukuongea. Wiki mbili, ofisi moja, hatukuongea.

Nikavua beji nikaitia mfukoni. Nikamfuata Mama Godeliva nje kwenye benchi, nikamsalimia "Amahoro", nikaendelea na Kihangaza changu cha Mugoma. Alishtuka. Akasema, "Kumbe unasikia! Sasa ulikuwa unanitesea nini?"

Nikamuuliza, mama, unataka kujua alipo, ili iwe nini?

Hakufikiri hata kidogo. "Ili nisipande gari la kurudi nikamwacha huku."

Nikaandika hivyo hivyo. Mwanaidi nilipomsomea akafuta ng'ombe wote bila ubishi. Maana hiyo "ili" ilimwambia kila kitu: tarehe ya mwisho ni siku ya msafara. Hahitaji rangi, hahitaji vitufe. Andika jina, programu ipekue orodha zote tulizonazo, basi.

Jumatatu ikawa tayari, tukamwita mama. Tukaandika Godeliva. Hakuna. Tukaandika tena. Hakuna.

Mama akasogea akaigusa skrini kwa kidole, akamwita mtoto wake kwa sauti ndogo, kama vile kajificha mle ndani: "Goderiva. Goderiva we."

Mwanaidi akageuka kunitazama. Mimi nikamtazama. Jamani, si karani aliyeandika orodha naye anaweza kuwa mtu wa kwetu!

Hii kadi tuliiandika wawili, bega kwa bega: "Kama mtafutaji, nataka l na r zihesabiwe herufi moja, ili mtoto asipotee kwa sababu ya ulimi wa karani."

Jioni ile ile ikakubali. Goderiva. Orodha ya watoto wanaolelewa na wenyeji, kijiji kimoja nje ya Biharamulo. Jina la mama ndilo. Jina la baba ndilo. Kilima walichotoka Burundi ndicho. Mwanaidi alipiga kelele mpaka mlinzi akaja mbio na rungu, kumkuta dada wa Kitanga anaruka juu ya kiti. Mimi nilikuwa nimemkumbatia Bosi. Msiniulize kwa nini Bosi.

Watu wa ustawi wa jamii wakaenda, wakauliza yao, wakathibitisha. Gari likaingia Lukole siku moja kabla ya msafara. Akashuka binti mrefu kuliko mama yake, kalelewa na Wasubi, wenyeji wa kule Biharamulo, Kirundi chote kimemtoka. Akasimama. Akakunja goti kidogo kama walivyomfundisha shule.

"Shikamoo."

Mama akamshika mashavu. "Marahaba," akasema. "Marahaba. Marahaba. Marahaba." Ikawa hiyo hiyo tu, hana neno lingine.

Nililia, na sioni haya kusema.

Nilichojifunza ni hiki. User story si fomu ya kujaza. Kama huwezi kuandika kile kipande cha "ili" kwa maneno ya mwenye shida, hujamsikia, rudi ukakae naye kwenye benchi. Na uongee lugha anayolilia, siyo ya beji yako. Na ninyi madeveloper, kadi ikiwa nzuri kupita kiasi, ulizeni! Kuuliza si ujinga, sisi wa kutouliza ndio tuliomwoza mtoto wa watu.

Haya, uwanja wenu. Nani kadi iliwahi kumuumbua kama mimi? Mwageni hapa, na mkitaka kunicheka anzeni tu, nimeshazoea.

Ah, nisisahau. Kesho yake msafara uliondoka, na Mama Godeliva hakupanda. Aliomba jina lake lihamishiwe msafara wa baadaye, ili binti apate nafasi ya kuwaaga waliomlea.