Kaisari na Kikao cha Machi

Baba mdogo alifundisha historia ya Roma ya kale chuoni hadi mvi zikamjaa kichwani, na wanafunzi wakambandika jina la Kaisari. Hakulikataa hata kidogo. Alilivaa kama suti ya harusi.

Sifa alizipata kwa kitabu kinene kuhusu watawala wa Roma waliomalizwa na watu wao wenyewe. "Kikulacho ki nguoni mwako," alituhubiria mezani, na ole wako umkatize. Kaisari mwenyewe, alisema, alionywa ajihadhari na tarehe kumi na tano Machi. Akatia pamba masikioni, akaenda kikaoni, na hukohuko wakamchoma visu.

Kwa hiyo kila mwaka, siku hiyo, baba mdogo, mkuu mzima wa idara, alijifungia nyumbani na pajama lake. Wenzake wote walilijua hilo, wakawa wanacheka naye.

Mwaka huu walicheka bila yeye. Waliitisha kikao cha idara tarehe hiyohiyo, wakapiga kura, na kiti chake wakampa mwanafunzi wake wa zamani, aliyemlea kama mwanawe.

Simu ya habari hizo ilimkuta sebuleni, chai mkononi.

"Mnaona?" alituambia, kifua mbele. "Kaisari alipuuza onyo, akafa. Mimi nimelitii, na niko hai!"

Mkewe hakuinua hata macho kwenye mboga alizokuwa akichambua.

"Baba watoto," alisema, "Kaisari angalau alihudhuria kikao."