Thomu Katika Dengu za Swami

Msiniambie Bishni ana dhambi. Watu wa mji huu wakishaoga mtoni asubuhi, wanajiona wana ruhusa ya kumhukumu kila mtu hadi jioni. Mimi nimefanya naye kazi jikoni miaka kumi na tisa. Namjua.

Alishuka kutoka milimani akiwa mjane wa miaka ishirini na sita, na ashram yetu, makao ya watawa hapa Rishikesh, ikamchukua awe mpishi. Mwanamke wa maneno huyo, acha tu! Nyani wakirukia dirishani kuiba chapati, aliwatukana kwa majina ya shemeji zake. "We Kundan, mnyang'anyi! Shamba langu umechukua, sasa wataka na chapati?" Watawa walikuwa ukumbini kwenye sala, wanamsikia, wanabana vicheko.

Lakini sheria ya jiko aliishika. Hakuna nyama, hakuna mayai, hakuna kitunguu, na thomu ndiyo kabisa, maana wanasema inachemsha damu na kuvuruga sala. Swami Nirakul, mkuu wetu, alikuwa hajaitia mdomoni tangu alipoweka nadhiri ya utawa, miaka hamsini na minne iliyopita.

Majira haya ya baridi yalipoanza, Swami alishikwa na homa. Ikamwachia, lakini ikaondoka na hamu yake ya kula. Mzee wa miaka themanini na moja! Sahani ilikwenda imejaa, ikarudi imejaa. Bishni alijaribu tangawizi, akajaribu bizari, akajaribu samli mpya, wapi! Alikuwa anakaa chini anaitazama ile sahani na kulia kwa hasira.

Siku moja nilimwona anafungua pindo la sari yake. Akatoa punje mbili za thomu, akazikaanga kwenye samli, akaziopoa, halafu ile samli akaimimina kwenye dengu za Swami.

"Bishni! Umerukwa na akili?"

"Fyata mdomo, Rukma. Mzee anakufa njaa. Mungu akitaka kunichapa, anajua ninapolala."

Swami akala. Akaomba tena! Baada ya wiki mbili akawa anatembea mwenyewe hadi kwenye ngazi za mto kwa sala ya jioni. "Bishni ana mkono wa mama yangu," akawaambia wageni, mbele yetu sote.

Hapo ndipo wivu uliponiingia, na leo nausema. Miaka yote hiyo namenya viazi, na hakuna aliyewahi kuusifia mkono wangu. Nikaanza kumchokonoa. Kila tulipobaki wawili nilimwambia, "Dada, unamvunjia Swami nadhiri yake na mwenyewe hajui. Anasali bure. Mwambie." Nilijifanya naihurumia roho yake. Uongo mtupu. Nilitaka ashuke.

Bishni akakosa usingizi, akakonda. Mwishowe akaenda. Nilimfuata nikasimama mlangoni, nisikose kitu. Alianguka miguuni kwa Swami akasema yote. Swami akamwekea mkono kichwani.

"Uliogopa nitakufa, mwanangu?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi wewe sikulaumu. Lakini nadhiri ni yangu, na kuisafisha ni kazi yangu."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Naapa sikulifikiria, ingawa pale kwetu kila mtu anajua nadhiri iliyovunjika inasafishwaje: siku tatu bila chakula, na kila alfajiri kuzama mtoni. Ilikuwa Januari. Maji yale yanatoka kwenye theluji. Mimi nikisuuzia masufuria tu, vidole vinakufa ganzi. Wanafunzi wake walimsihi, akacheka. Siku ya kwanza alikwenda kwa miguu yake. Siku ya pili walimshika mikono. Siku ya tatu walimbeba.

Mfungo ulipokwisha, Bishni alimpikia dengu zisizo na kitu. Swami akanywa vijiko viwili. "Tamu," akasema, kwa adabu tu. Kesho yake akafariki.

Habari zikatoka, na mji mzima ukamgeuzia Bishni kisogo. Jikoni ameacha. Anakaa kwenye chumba kimoja ng'ambo ya daraja, hapiki, na hata kutukana hatukani tena. Juzi nilimpelekea chapati za moto. Njiani nilikuwa nimejiandaa kumwambia kwamba ulikuwa wivu, dada, haikuwa dini. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Akanishika mikono yote miwili.

"Rukma, bila wewe mzee angekufa na uchafu niliomlisha. Wewe ndiye uliyeniambia ukweli. Wote wamenikimbia, nimebaki na wewe tu, dada yangu."

Nikamwambia ale, chapati zisipoe.