Kidonda cha Mama Mdogo Adija

Mama mdogo Adija hajakatwa mguu jamani! Ni mdogo wake mama, anauza vitenge sokoni Kasulu. Akijikata tu, anafungua kapsuli ya rangi mbili, ile antibiotiki ya dukani, anamwagia ule unga kwenye kidonda. Mwaka huu, 2014, kidonda kikagoma, kikanuka, daktari akaanza kutaja kukata.

Maabara wakachukua usaha, wakaupaka kwenye kisahani ili wadudu, yaani bakteria, waote, wakapanga juu yake vikaratasi vyenye dawa tofauti. Kesho yake Nurudini wa maabara akatuonyesha. Dawa inayoua inaacha duara safi kuzunguka kikaratasi. Sasa, wadudu walikuwa wameota mpaka wakavigusa vikaratasi karibu vyote! Duara lilikuwa moja tu, tena dogo.

“Na rangi mbili yangu je?” mama mdogo akauliza.

“Mama, hiyo wameshaizoea, wanaila kama ugali.”

“Acha utani, mwanangu. Na hiyo moja ikishindwa?”

Nurudini akafunika kisahani. “Hapo maabara hatuna cha kukuambia.”

Mama mdogo akachomwa sindano za hiyo moja, mguu ukapona. Ila Nurudini anasema visahani visivyo na duara anazidi kuviona. Naomba muwatumie na wenzenu ujumbe huu.