Wali kwa Mkono wa Kushoto

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilifanya kazi Laurel, mji mdogo wa Marekani, kwenye ofisi ndogo ya kampuni ya Kijapani iliyoanza na vitabu vya katuni, kisha ikaingia kwenye michezo ya video. Wajapani husoma katuni kutoka kulia kwenda kushoto. Kazi yangu ilikuwa kugeuza kila ukurasa kwenye kompyuta, uwe kama picha ya kwenye kioo, ili Wamarekani wasome walivyozoea. Niligeuza kurasa mwaka mzima bila kuziangalia.

Shangazi, niliyekuwa nikiishi kwake, alifungua kitabu kimoja nilichokileta nyumbani, akakisukuma pembeni.

"Mwanangu, watu gani hawa? Wote wanakula kwa mkono wa kushoto."

Nikamwambia ndivyo walivyo. Nilikuwa nimechoka, sikutaka maswali. Akaviita vitabu vya wasio na adabu mpaka aliporudi Tanga.

Kisha michezo ikakosa wanunuzi, na wakubwa wa Japani wakaamua kuifunga ofisi yetu. Tuliambiwa tupakie kurasa halisi zirudishwe kwao. Nikiwa napakia, nikamwona kijana mmoja wa kwenye kile kitabu alichokifungua shangazi, ameketi na bakuli lake la wali. Vijiti alivishika kwa mkono wa kulia. Mimi ndiye niliyemgeuza.

Shangazi alikuwa ameshazikwa Tanga mwezi mmoja kabla. Niliuangalia ukurasa kidogo, nikaurudisha kwenye boksi, nikalifunga kwa selotepu, nikavuta boksi lingine.