Vijiti Kumi na Vinne

Shangazi yangu wa Masalani, Eeddo Istahil, alikuwa na kijiti kimoja cha wanja kilichopita kwenye macho mengi kuliko tochi ya daktari. Ukifika kwake, kabla ya chai, unapakwa: mgeni, jirani, mtoto, wote kijiti kilekile. Kukataa kulikuwa tusi.

Kisha watu wa afya wakaja, wakapindua kope zetu, wakasema ni trakoma, na bakteria yake, klamidia, hupita kwa vidole, nzi, shuka, na kijiti. Binti wa Eeddo, Saado, ambaye kope zilimgeukia ndani zikamkwaruza jicho hadi akapasuliwa, alihamia Garissa. Mjukuu, Ruweyda, bibi anamjua kwa picha za simu tu.

Mimi niliacha diploma ya maabara katikati, kwa hiyo ndimi profesa wa ukoo. Juzi Eeddo aliniita. Alitaka kujua kwa nini kijiti kimoja kilimwasha yeye macho kidogo tu, kikamharibia Saado.

Nikaeleza kwamba hizo bakteria hazifanani. Jeni chache zikitofautiana, aina moja huwa kali, nyingine pole; kuna hata kipete kidogo cha jeni ambacho aina isiyokuwa nacho hudhoofika. Nikasema ni kama mbuzi wa boma moja, huyu anakula majani, yule anakula shuka lako. Hakucheka.

"Basi ya kijiti changu ilikuwa kali?"

Nikasema jeni zake hakuna aliyezisoma, na kuambukizwa mara kwa mara pia kunaumiza.

"Usinizungushe, Liban. Mimi ndiye niliyempa?"

"Huenda, Eeddo. Sijui."

Akafunua kitambaa. Ndani mlikuwa na vijiti kumi na vinne alivyochonga mwenyewe, kila mtu chake, vyote vikavu. Kifupi kilikuwa cha Ruweyda. Akataka nivipige picha pamoja na chupa ya wanja, nimtumie Saado, aone kwamba sasa mtoto anaweza kuletwa.

Chai ilipoa kabla jibu halijaja. Nikamsomea: "Na chupa, mama? Wote wanachovya humohumo?"

Aliifunga ile chupa kifuniko.

"Na wewe, profesa," akasema, "hukuiona?"

Alivifunga vijiti, kile kifupi katikati, akaniuliza kule sokoni vichupa vidogo vinauzwa upande gani.