Bi Somoe Niliyemwandika kwa Penseli

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Nachingwea, nilikabidhiwa kitabu cha stakabadhi, kalamu ya wino na penseli. Mweka Hazina wa halmashauri, mzee mrefu asiyependa maneno mengi, alinieleza matumizi yake tukiwa tumesimama. Wino ni wa fedha iliyokwisha kulipwa. Penseli ni ya ahadi: mwenye nyumba akishindwa kulipa kodi ya jengo kwa wakati, karani anaandika daftarini, pembeni ya jina lake, atalipa lini.

"Lakini usiwe mwepesi wa penseli," aliniambia. "Mtu ukimwambia njoo mwakani, mwonyeshe na namna ya kumaliza. Usipomwonyesha hujamsaidia, umemwongezea mzigo."

Nikaitikia ndiyo mzee, kama vijana wanavyoitikia.

Ninyi mnaokatwa kodi ya jengo kwenye luku, mkinunua umeme, hamuijui kazi ile. Tulizunguka nyumba kwa nyumba na hati za madai, yaani karatasi ya kumweleza mtu anadaiwa kiasi gani kwa jengo lipi. Wapo waliotufungulia mbwa. Wapo waliojificha chooni, nami nikakaa barazani kuwasubiri kwa makusudi, maana choo cha shimo hakikaliki muda mrefu. Nilipopangiwa Ruponda nilisikia ahadi moja tu mwaka mzima: baada ya korosho. Korosho zikiuzwa, wanasema malipo ya mnada bado hayajaingia. Mara nyingi walisema kweli.

Nilihamishiwa Ruangwa nikiwa nimepita miaka hamsini. Huko ndiko nilikomkuta Bi Somoe, mjane aliyekuwa na nyumba ya matofali ya kuchoma mwisho wa mji, waliyoijenga yeye na marehemu mumewe. Huko Likunja alikuwa na mikorosho arobaini aliyoachiwa na mama yake. Mwaka huo hakupata fedha ya salfa, dawa ya kupulizia mikorosho, na maua yote yakaungua kwa ukungu.

"Shikamoo mama," nilimsalimu, hati mkononi.

"Marahaba, bwana karani. Mwaka huu mikorosho imenikatalia. Nisogezee mbele."

Nikatoa penseli. Mwaka wa pili binti yake alilazwa hospitali ya misheni, nikasogeza tena. Ikaenda hivyo miaka mitano, na kila mwaka alinifungia mbaazi kwenye kitambaa, akanishukuru kwa mikono miwili. Nakiri nilipenda kushukuriwa. Mtoza kodi hashukuriwi kila siku.

Na nakiri jambo la pili, ambalo ndilo zito. Kwenye jalada langu kulikuwa na waraka niliousoma zaidi ya mara moja: mzee aliyefikisha miaka sitini anasamehewa kodi ya nyumba anayoishi mwenyewe, mradi aombe kwa maandishi na kuthibitisha umri wake. Nikimtazama Bi Somoe niliona huenda amefikisha. Lakini hakuwa na cheti cha kuzaliwa, na kumtafutia kiapo cha umri kungenigharimu safari mbili tatu, kwa mtendaji wa kata na mahakamani. Nikasema moyoni, nitamshughulikia mwakani. Yeye anasema mwakani, mimi nasema mwakani.

Akaja Mweka Hazina mpya, mama kijana mwenye haraka. Alifungua daftari langu, akapitisha kidole pembeni ya majina.

"Hii penseli ya nani?"

"Yangu, mama."

"Penseli haimo kwenye sheria. Limbikizo lote, deni la miaka yote iliyopita, lilipwe mwezi huu pamoja na faini. Asiyelipa aende mahakamani."

Sikumlaumu wakati ule na simlaumu leo. Hati ya Bi Somoe niliipeleka mwenyewe, nikamsomea, kwa kuwa hakujua kusoma.

"Yote kwa mara moja?" aliuliza.

"Yote, mama."

"Si ulisema umeisogeza?"

"Niliisogeza. Haikufutwa."

Alikuja ofisini baada ya siku tisa na fedha ndani ya pindo la kanga. Alikuwa amemuuzia mfanyabiashara mikorosho yote arobaini. Nilimuuliza, ile aliyokuachia mama yako? Akasema, "Nitalala kwenye mikorosho? Nyumba kwanza."

Nikamwomba jina kamili ili niandike stakabadhi. Akanipa kitambulisho cha taifa, kipya, akijivunia kidogo. Nikasoma mwaka wa kuzaliwa, nikapiga hesabu, nikairudia. Alikuwa na miaka sitini na sita. Kodi ya miaka yote ile mitano isingempasa, laiti mtu angemwandikia barua moja.

Fedha ilikuwa mezani bado. Mweka Hazina alikuwa chumba cha pili, mlango wazi. Ningeweza kusimama na kusema. Lakini ningelazimika kueleza kwa nini nilinyamaza miaka mitano, na niliona aibu. Nikachukua kalamu ya wino nikamwandikia stakabadhi.

Sasa nimestaafu, na mimi nimevuka sitini. Juzijuzi nilikwenda kuomba msamaha wa kodi ya nyumba yangu. Nilitoa kitambulisho, nikajaza karatasi, nikatia saini, nikarudi nyumbani nikakuta chai ya saa nne ingali ya moto.

Msimu huu wa korosho nilipita Likunja. Bi Somoe alikuwa kwenye mikorosho ile ile, ameinama, anaokota na kunyofoa korosho kwenye mabibo, kibarua wa kulipwa kwa debe. Aliponiona alijinyoosha taratibu, mkono kiunoni.

"Bwana karani. Wengine wote walinisukuma, wewe ulinivumilia. Kila nikiswali nakutaja."

Nilikuwa nimekuja kumweleza juu ya ule waraka; nikasema asante, mama. Akanichagulia mabibo matatu mekundu, akayafuta kwa kanga, kisha akamgeukia msimamizi wa shamba kumwomba ruhusa ya kunipa. Msimamizi akaitikia kwa kichwa, nami nikayapokea.